Lenzi ya Jicho la Kulia

Kazi yangu ilikuwa kubandika kope. Kwa miaka kumi na minne nilikaa kwenye kigoda cha magurudumu, kichwani pa wanawake waliolala chali, kope zao za chini zimefunikwa kwa plasta na macho yamefumbwa, nikiongeza unywele mmoja juu ya ukope mmoja kwa kibano na tone la gundi dogo kuliko kichwa cha sindano. Jicho moja nywele themanini, wengine mia na ushei. Saa nzima na nusu. Muda wote huo mteja hakuoni. Anasikia tu kigoda kinavyosogea, kifeni kinavyokausha gundi, na pumzi zako juu ya paji lake la uso. Wengine walilala fofofo hadi wakakoroma. Nilipewa imani hiyo mara tano au sita kila siku, nikaizoea kama mtu anavyozoea harufu ya nyumba yake.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, hapa Daegu, juu ya mkahawa wa tambi wa Bi Chunja, karibu na Soko la Seomun. Vitanda viwili, taa ya duara, na kwenye kona sinki lenye bomba.

Mei ni mwezi wa harusi, na mwezi huo nilikuwa nafanya kazi kama mwendawazimu. Ijumaa moja, saa tisa alasiri, aliingia Boram, mteja wangu wa kila mwezi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mkaguzi kwenye kiwanda cha vitambaa. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza yenye taa chini yake, kitambaa kikikimbia juu ya meza, naye anadaka kwa macho uzi uliokatika, fundo, doa la rangi. Alikuwa akijisifu kwamba macho yake ni ya mwewe, mradi tu awe na lenzi zake. Bila lenzi, alisema, angempita hata mama yake barabarani asimjue.

"Dada Namsuk, nimekufa!" alisema kabla hajavua viatu. "Kesho rafiki yangu anaolewa, na mimi nina macho kama samaki aliyekaangwa."

"Usimtukane samaki. Lala hapo. Lenzi umevaa?"

"Nimevaa. Ila kikopo chake nimekisahau kazini. Si nifumbe macho tu nazo humo humo?"

"Zitoe. Moshi wa gundi ukinasa kwenye lenzi, kesho utalia kuliko mama wa bibi harusi."

Hapo nilisema kweli. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu mwema.

Alizitoa mwenyewe, kwa mikono aliyoinawa, akaniuliza pa kuziweka. Nilichukua vikombe viwili vidogo vya pombe ya soju ambavyo nilivitumia kuwekea pamba, nikavipangusa. Nilikuwa na chupa ya dawa ya lenzi iliyosahauliwa na mteja mwingine tangu majira ya baridi. Boram akatia ya kushoto kwenye kikombe cha kushoto, ya kulia kwenye cha kulia, akalala, nami nikambandika plasta. Ndipo nikamimina dawa. Kikombe cha kushoto kilipata nusu. Cha kulia kilipata matone mawili, chupa ikakoroma, ikaisha.

Duka la dawa lilikuwa mwendo wa dakika nne. Dakika nne kwenda, nne kurudi. Mteja wa saa kumi na moja alikuwa hachelewi kamwe. Na ile lenzi kavu ilishaanza kujikunja pembeni kama jani linalonyauka. Nikajiambia, maji ni maji. Nikafungua bomba.

"Dada, nini hicho?" Boram aliuliza, macho yamefungwa.

"Nanawa mikono."

Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo, akashangilia, akazirudisha lenzi machoni. Ya kushoto iliingia vizuri. Ya kulia alipepesa nayo sana.

"Hii inachoma."

"Umelala chali muda mrefu. Itatulia."

Ikatulia, au alisema imetulia. Akashuka ngazi mbio mbio, nikamsikia akitaniana na Bi Chunja pale chini, na mimi nikavisuuza vile vikombe nikavirudisha rafuni.

*

Baada ya siku kumi aliniandikia kwenye simu. Jicho la kulia limekuwa jekundu, mwanga unamuumiza, je, inaweza kuwa gundi? Nilimjibu kwamba gundi ingeleta shida siku ile ile, aende kwa daktari asingoje. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kesho yake adhuhuri akaandika tena: "Dada, daktari anauliza kama lenzi zangu ziliwahi kugusa maji ya bomba, au bwawa, au bafuni. Nimemwambia hapana. Kwako tuliziweka kwenye dawa, sivyo?"

Nilikuwa nakula tambi mezani kwa Bi Chunja. Nakumbuka niliweka vijiti chini. Nakumbuka nilifikiria leseni yangu, nikafikiria vile vitanda viwili, nikafikiria kwamba mamilioni ya watu wanaosha nyuso kwa maji yale yale na hawafi. Nikaandika: "Dawa tupu. Usijali." Nikaongeza kile kiuso kinachotabasamu.

Bi Chunja akaniuliza, "We Namsuk, mbona umeacha? Chumvi imezidi?"

"Hapana. Nimeshiba."

Boram hakuandika tena, nami sikumwandikia. Mwezi wa saba Bi Chunja akaniletea habari kwamba Boram, binti wa muuza vitoweo wa sokoni, amelazwa, jicho linampa taabu. Nikasema maskini, nikabadilisha mazungumzo.

Mama yake Boram nilikutana naye wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, soko likiwa limefurika. Alikuwa na kibanda cha vitoweo, kimchi ya kila namna, yaani kabichi na figili zilizochachushwa kwa pilipili, na mizizi ya yungiyungi iliyopikwa kwa sosi. Nilijaribu kumpita. Akaniona, akatoka nyuma ya masinia yake, mikono bado imejaa pilipili.

"Mdogo wangu," alisema, "nimekutafuta moyoni siku nyingi. Nina deni la neno kwako."

Nilitazama kando, nikitafuta upenyo kati ya watu.

"Jicho la mtoto limekufa," alisema. "La kulia. Kioo cha jicho kimepata kovu jeupe, haoni kitu. Nami mwanzoni nilikushuku wewe. Nilisema ni gundi yako, nikakutukana nyumbani kwangu kila siku. Kumbe ni mimi."

"Wewe?"

"Asubuhi ile ya harusi alitaka kupaka kope za chini, akakosa maskara yake, nikampa yangu. Ilikuwa ya zamani, imekauka. Nikaitia maji kidogo ya bomba nikaikoroga ilainike. Sisi zamani tulifanya hivyo hivyo na hakuna aliyepofuka. Baadaye daktari akasema ni viumbe wa majini, wadogo hawaonekani. Ukiwanywa hawakufanyi kitu, lakini wakikwama kati ya lenzi na jicho wanachimba. Wiki tano walimtibu ugonjwa mwingine, kwa sababu alisema lenzi zake hazijagusa maji. Walipogundua, wamechimba wakamaliza." Akajipangusa uso kwa mkono wa pilipili, machozi yakamzidia. "Nikamwambia kuhusu maskara. Ningenyamaza, pengine angenipenda bado. Sasa haniiti mama. Amehama nyumba. Nisamehe kwa kukushuku, mdogo wangu."

Kisha mwanamke yule, aliyenizidi miaka kumi na zaidi, akaniinamia. Aliinama hadi nikaona mvi za utosini mwake.

Nilitaka kumuuliza kama alimpaka macho yote mawili. Sikuwa na haja. Nani anapaka kope za jicho moja? Maskara ile iligusa macho yote mawili na la kushoto likabaki zima. Maji ya bomba langu yaligusa lenzi moja tu, na ni mimi peke yangu duniani niliyejua ni ipi.

"Usijali, dada," nikasema. "Hayo yamepita."

Akanifungia kimchi ya figili kwenye mfuko, akakataa malipo. Nilifika nayo nyumbani, ikachacha kwenye friji hadi nikaitupa.

*

Bomba lilianza baada ya hapo. Sikulisikia usiku, wala sikuota ndoto. Mchana kweupe, jua limejaa dirishani, mteja amelala na mimi nina kibano mkononi, nilisikia maji yanachuruzika kwenye sinki. Nikageuka: kavu. Nikarudi kwenye ukope wangu, yakaanza tena, taratibu, kama mtu anayejaza kikombe kidogo na hataki kimwagike.

"Unasikia maji?" nilimuuliza mteja.

"Maji gani?"

Nilimwita fundi. Akafungua, akafunga, akasema bomba ni zima. Nikamwambia alifunge kabisa kutoka kwenye valvu. Nikalifunga kitambaa shingoni. Nikawa nanunua maji ya chupa, hata ya kupigia deki, na Bi Chunja akawatangazia wateja wake kwamba yule wa juu amekuwa malkia. Bado niliyasikia. Na wateja walipofumbua macho nikitoa plasta, kuna wakati niliona kwenye jicho la kulia doa jeupe kama punje ya wali. Nilipepesa, likatoweka. Mmoja aliniuliza kwa nini namkodolea macho. Nilimwambia nakagua kazi yangu.

Nikawa mkali kupita kiasi. Nilibandika kanuni mlangoni kwa herufi kubwa. Nilinunua vikopo vipya vya lenzi boksi zima na vichupa vidogo vya dawa vilivyofungwa, nikawagawia bure. Mtu akiniambia lenzi zake amelala nazo, nilimrudisha nyumbani. Nilipekua mikoba yao.

"Hii maskara umeifungua lini?"

"Dada, nani anakumbuka siku ya maskara?"

"Kama hukumbuki, imekufa. Miezi mitatu, basi. Na unavaa lenzi kabla ya kujipaka, na jioni unatoa lenzi kabla ya kujifuta. Umesikia? Na usiazimane na mtu. Hata mama yako."

"Ala! Umegeuka mwanajeshi?"

Walicheka. Waliambiana kwamba hakuna mwenye usalama kama Namsuk, wakaniletea marafiki zao. Kitabu changu cha miadi kilijaa. Mambo hayo yote nilikuwa nayajua tangu zamani, tangu darasa la kwanza la urembo. Hakuna aliyenifundisha jipya. Kila kikopo nilichogawa nilikuwa namgawia Boram, na kila mara alikuwa hayupo pale kukipokea.

Mama Boram niliendelea kusikia habari zake. Kila mwanzo wa mwezi wa kalenda ya zamani alikuwa anapanda Mlima Palgong, ngazi zote hadi kwenye sanamu ya Buddha mwenye kofia ya jiwe, yule anayesemekana hutimiza ombi moja. Magoti yake mabovu. Bi Chunja alikutana naye huko.

"Namuuliza, unaomba jicho la mtoto lirudi? Anasema hapana, hilo najua halirudi. Naomba aje ale kwangu siku moja." Bi Chunja akafuta meza kwa nguvu. "Mama na mtoto, Namsuk! Kwa sababu ya kikopo cha wanja!"

Nikapanda juu kwangu. Bomba lilikuwa linachuruzika tangu ngazini.

*

Mwaka wa tatu, mwezi wa kumi, Jumatano saa tano asubuhi, mlango ukafunguliwa akaingia Boram. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Nilimtazama macho, na yote mawili yalikuwa ya kahawia, mazuri, yananitazama. Kwa pumzi moja niliamini kwamba hayo yote sikuyafanya.

"Umepona?"

Akacheka. "Nimepakwa rangi. Hii ni lenzi, dada. Fundi kaichora kwa mkono, ameiga jicho la kushoto mpaka vijistari. Chini yake pako kama ganda la yai." Akaketi kitandani. "Nataka kope. Nimemuuliza daktari, amekubali, mradi niitoe kabla, gundi isikaribie ukingo wa jicho, na nisiirudishe kwa siku mbili. Nimekuja na kila kitu changu."

Alitandika karatasi safi, akapanga kikopo, dawa, vitambaa vidogo vya kufutia. Akasimama kwenda sinki kunawa, akaona kitambaa kimefungwa bombani.

"Bomba lako limekufa?"

"Limekufa."

Nilimmiminia maji ya chupa mikononi. Alinawa kwa sabuni katikati ya kila kidole, akakausha kila kidole, kama daktari. Kisha akaitoa ile lenzi ya rangi. Jicho lilikuwa jeupe, si jeupe kama punje niliyokuwa naiona, ila kama ukungu mzito dirishani, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Usitazame sana, litakuogopa," alisema, akalala. "Jumamosi wazazi wa mchumba wangu wanakutana na watu wa kwetu. Nataka yafanane, basi. Mtu akinitazama asianze kulinganisha."

"Hongera, Boram. Atakwenda nani upande wenu?"

"Mjomba."

"Na mama?"

Akafumba macho. "Nimewaambia anaumwa."

Nilikuwa nimeshika plasta.

"Unajua, dada, kiwandani wamenihamishia kupokea simu," aliendelea, macho yamefumbwa. "Kitambaa kikikimbia sijui tena kiko karibu au mbali. Hilo nimelizoea. Ila chakula cha mama siwezi kukimeza. Najua hakukusudia. Najua! Lakini nikiona mikono yake naiona ikikoroga ile maskara. Sikukuu iliyopita alinitumia vitoweo, nikavimwaga. Nililia, nikavimwaga."

Maji yakaanza kwenye kona. Hayakuchuruzika safari hii, yalimwagika kwa nguvu, bomba zima. Niliweka plasta chini.

"Boram, fumbua macho. Kaa."

"Mbona?"

"Kaa, tafadhali. Sitakwambia hili umefumba macho."

Akaketi. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu chupa iliyokoroma, matone mawili, lenzi iliyojikunja, bomba. Nilimwambia sikuwa nanawa mikono. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayesoma ubaoni.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali kama mkaguzi.

"Lenzi ipi?"

"Ya kulia."

"Ya kushoto?"

"Ilikuwa kwenye dawa."

"Ya kulia peke yake, kwenye maji ya bomba. Saa nzima na nusu."

"Ndiyo."

Alichukua simu yake. Alitafuta muda mrefu, akiisogeza karibu na jicho lake la kushoto, nami nikajua anatafuta nini, nikatamani ghorofa ituangukie. Alisoma kwa sauti: "Daktari anauliza kama lenzi zangu ziliwahi kugusa maji ya bomba." Akashusha kidole. "Dawa tupu. Usijali." Akanionyesha kile kiuso kinachotabasamu.

"Nilimwonyesha daktari hii," alisema. "Nilimpa simu mkononi akasoma mwenyewe. Akasema basi hilo tuliondoe, tutafute kingine. Wiki tano, dada. Walitafuta kingine wiki tano. Wangejua siku ile, waliniambia, siku ile ile, lingepona."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mama yako aliponiambia, sokoni. Mwaka ule ule."

"Mama alikwambia nini?"

"Aliniomba msamaha. Kwa kunishuku."

Hapo ndipo alipotoa sauti. Haikuwa neno. Alijikunja juu ya magoti yake kama aliyepigwa tumboni. Nilinyoosha mkono, akasema, "Usiniguse," nami nikaurudisha.

Baadaye aliirudisha lenzi yake ya rangi. Alinawa upya, akijimiminia maji mwenyewe, chupa kwapani, akakausha. Lenzi ikamponyoka, ikaanguka kwenye karatasi, akaiosha kwa dawa kama ipasavyo, akajaribu tena. Mara tatu. Nilisimama ukutani nikitazama, siruhusiwi kumsaidia. Ilipoingia alikusanya vitu vyake na kushuka ngazi akishikilia ukuta, maana ngazi zile zilikuwa nyembamba na yeye hakuona tena kina chake.

*

Asubuhi yake sikufungua chumba. Nilikwenda sokoni. Mama Boram alikuwa anampimia mteja kimchi. Nilisimama mbele ya masinia nikasema yote palepale, mbele ya mteja, kwa sababu nilijua nikingoja tuwe peke yetu nitapata njia ya kunyamaza.

Alisikiliza mwiko ukiwa hewani. Kwanza alisema, polepole sana, "Basi si mimi?"

"Si wewe."

"Si mimi," akamwambia yule mteja, kana kwamba mteja ndiye hakimu. Uso wake ulifunguka, ukawa kijana, na hilo lilikuwa gumu kulitazama kuliko machozi. Kisha akanigeukia, na uso ukajifunga.

"Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa," alisema. "Mimi nikainama. Ukaupokea msamaha wangu. Na kimchi yangu ukaichukua."

"Ndiyo."

"Nimepanda mlima ule mara ishirini na kitu, nikimwambia Buddha mimi ni mama muuaji wa macho."

Yule mteja alikuwa ameshika mfuko wake wazi bila kujua aufunge au la.

"Nimeomba msamaha mara moja tu maishani na nimeuomba kwako," Mama Boram alisema. "Ondoka mbele ya chakula changu. Watu wanataka kula."

Bi Chunja aliniambia kwamba Jumamosi ile kibanda kilifungwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea Jumamosi. Alimwona Mama Boram kituo cha basi amevaa vazi la hariri la rangi ya kijivu, nywele amezitengeneza, amesimama wima kama askari. Aliponiambia hayo alikuwa hanitazami. Tangu siku hizo hajawahi kuniita "we Namsuk" tena. Ananiita kwa heshima, kama mgeni.

Boram alipeleka malalamiko ofisini kunakohusika. Nilikubali kila kilichoandikwa, nikasaini kila walichonipa, nikarudisha leseni, nikafunga chumba. Siku ya mwisho ya kusaini tulijikuta wawili kwenye korido. Nilianza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeshamwandikia barua nne.

Akainua mkono. "Usiombe tena, dada." Bado aliniita dada, kwa mazoea tu. "Kila ukiniomba inabidi nikufikirie wewe, unavyojisikia, umelala vipi. Mimi sitaki kukufikiria. Sitaki kukuchukia wala kukusamehe. Nataka niwe na siku nzima ambayo wewe humo."

Nikasema sawa. Ni ahadi pekee niliyompa nikaitimiza.

Siku hizi nafunga soksi kwenye maboksi, kiwanda kimoja upande wa magharibi wa mji. Mashine zinapiga kelele kutwa, na maji bado nayasikia chini ya kelele zile. Nilidhani nikisema yatanyamaza. Sijui nani alinidanganya hivyo.

Majira ya baridi yaliyopita nilisimama kwenye kivuko cha barabara, nikingoja taa. Watu wakajaa. Boram akaja akasimama ubavuni mwangu, karibu hivi, bega lake linakaribia langu. Mama yake alikuwa upande wake wa pili, amemshika mkono, wanabishana kuhusu kabichi.

"Kwa hiyo unanunua ishirini? Nani atakula zote, mama?"

"Mkwe wangu anakula kama tingatinga. Ishirini hazitoshi."

Boram akacheka, akageuza uso kwa ajili ya upepo. Upande wa kulia wa uso wake ulinielekea. Lile jicho la rangi lilinitazama moja kwa moja, limetulia, la kahawia, zuri sana. Nilikuwa upande wake wa kulia. Hakuniona.

Mama yake aliniona. Aliuachia mkono wa binti yake, akazunguka nyuma yake, akaja kusimama kati yetu, akamshika upya.

"Umehamia huku kwa nini?" Boram akauliza.

"Upepo," mama yake akasema.

Taa ikabadilika. Wakavuka. Nilibaki pale mpaka ikawa nyekundu tena.